Moto bandia: Jinsi taa za LED zinavyoiga mwali

MOTO bandia ni mwanga wa taa za LED, nyekundu na za manjano, unaochezacheza mithili ya mwali. Huendeshwa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo katika chipu moja. Programu yake huwasha na kuzima taa mamia ya mara kwa sekunde. Kadiri muda wa kuwaka unavyozidi, ndivyo mwanga unavyokolea. Kila taa hupewa nambari zake za kubahatisha, jicho lisitambue mrudio.

Nyumba ya jadi ya Wakikuyu iliezekwa kwa nyasi, na mafiga matatu yalikaa katikati. Anayeijenga upya mjini Nyeri kwa maonyesho aweza kuwa na meko yenye uhai pasipo cheche wala moshi. Joto, hata hivyo, halipo: baridi ya Julai bado itahitaji jiko, na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huua.