Feni ya Kompyuta na Sikio la Mtumiaji

Historia ya upozaji wa kompyuta za mezani husimuliwa kama historia ya joto: prosesa zilizidi kuwa na kasi, zikazidi kuchemka, na feni zikaongezwa. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yanaeleza tu kwa nini feni ziliwekwa. Kwa nini zilianza kuongozwa, zipunguze kasi na kuiongeza kwa kipimo, ni swali jingine. Feni iliyoachwa izunguke kwa nguvu zake zote hupoza kuliko iliyopunguzwa, hivyo aliyehangaika kuipunguza hakuwa na shida ya ubaridi. Hoja yangu ni kwamba udhibiti wa feni, tangu majaribio ya mafundi wa nyumbani hadi kiwango rasmi cha viwandani, uliletwa na sikio la mtumiaji kuliko joto la chipu.

Tuanze na mashine iliyokwepa feni kabisa. Apple II ya 1977 ilitengenezewa na Rod Holt pawasaplai iliyopoteza umeme kidogo sana kwa njia ya joto, na Steve Jobs hakuficha kwamba alichukia kelele za feni. Msimamo huo ulikuwa na gharama. Kampuni ya Kensington ilipata soko la feni ya kupachika ubavuni mwa Apple II kwa waliojaza kadi nyingi ndani yake, na Apple III ya 1980, nayo bila feni, ilisumbua hata wateja wa mwanzo wakabadilishiwa mashine, joto likiwa miongoni mwa lawama zilizotajwa sana. IBM ilishika njia nyingine. PC yake ya 1981 ilikuwa na feni moja tu, ndani ya pawasaplai ya wati 63.5, na prosesa yake, Intel 8088 ya megahezi 4.77, ilikaa wazi bila kipozajoto chochote. Feni ile ilivuma kwa kasi moja tangu kuwashwa hadi kuzimwa. Ofisi za wakati ule, zenye taipureta na printa za pini, hazikuwa mahali pa kimya.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyoharibu mambo. Prosesa za 486 zilianza kuvishwa vipande vya alumini vyenye mapezi, na Pentium ya 1993 ikafanya feni juu ya prosesa kuwa jambo la kawaida. Intel ilipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995, ilikusudia feni ya pawasaplai igeuzwe, ipulize hewa ndani kuelekea prosesa, ili feni moja itoshe. Wazo hilo halikudumu. Zikaja feni ndogo zenye kasi kubwa, kisha wakaja wapenda kuzidisha kasi ya prosesa, ambao mwaka 1998 waligundua kwamba prosesa ya Celeron 300A, ya bei nafuu, ingeweza kukimbizwa kwa megahezi 450. Kila megahezi ya ziada ililipiwa kwa upepo, na upepo kwa kelele.

Hapo ndipo hesabu ya feni inapofaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu historia yote iliyofuata imo ndani yake. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu. Umeme unaohitajika kuizungusha, hata hivyo, hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane, na kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, tofauti ambayo sikio lolote huitambua papo hapo. Biashara hii ina faida isiyo ya kawaida: unapoteza ubaridi kidogo, unapata utulivu mwingi. Mafundi wa nyumbani waliielewa kabla ya viwanda. Walichukua waya wa njano wa volti 12 na mwekundu wa volti 5, wakaiunganisha feni katikati yao, ikapata volti 7. Zalman ya Korea Kusini ikauza Fan Mate, kidude kidogo chenye kirungu cha kuzungusha kwa vidole. Wakati huohuo chipu kama LM78 ya National Semiconductor ziliwezesha ubao mama kusoma joto na kuhesabu mapigo ya waya wa tatu wa feni, mawili kwa kila mzunguko. Programu za lm-sensors kwa Linux na SpeedFan kwa Windows zikaunganisha mambo hayo mawili: kusoma na kuamuru.

Njia ya kupunguza volti ilikuwa na kikomo chake, kwani mota isiyopata volti za kutosha hugoma kuanza. Ukikatakata umeme wake polepole, nayo huguna na kutoa mlio. Jibu lilikuja na feni ya waya nne, iliyoenea kuanzia 2004 pamoja na soketi ya LGA 775. Feni hupewa volti 12 wakati wote, na waya wa nne hubeba amri kwa mapigo ya kilohezi 25. Tarakimu hiyo ni ushahidi ninaouthamini kuliko mwingine wowote. Mwanadamu husikia hadi karibu kilohezi 20. Wahandisi waliuweka mdundo wa amri juu kidogo ya hapo. Chipu haijali mota inaguna au haiguni. Anayejali ameketi kwenye kiti.

Mtu anaweza kupinga kwamba mwaka huohuo wa 2004 ulikuwa wa Prescott, Pentium 4 iliyofikia wati 115, na kwamba joto hilo ndilo lililolazimisha yote. Prescott ililazimisha kweli kitu kimoja: BTX, mpangilio mpya wa kasha uliokusudiwa kupitisha hewa moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Lakini prosesa ya Core 2 Duo ilipokuja mwaka 2006 ikiwa na wati 65, BTX iliachwa, ilhali waya wa nne ulibaki na kuenea hadi kwenye feni za kasha. Kama mzazi wake angekuwa joto peke yake, ungezikwa pamoja na BTX. Tena, ulinzi wa chipu ulikwisha kuhamia ndani ya chipu yenyewe. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha kwa video kinachotokea kipozajoto kinapoondolewa mashine ikifanya kazi: prosesa ya Athlon iliungua, Pentium 4 ikapunguza mwendo na kuendelea. Baada ya hapo mpango wa kasi ya feni ulikuwa zaidi suala la starehe na utendaji kuliko uhai.

Pingamizi zito zaidi ni la msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa: ukimya ni anasa ya nchi za baridi. Ni kweli kwamba feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kipozajoto kinachoiacha nyuzi 40 juu ya hewa kitaipa nyuzi 60 katika chumba cha nyuzi 20, na 72 katika chumba cha 32. Lakini prosesa nyingi za leo hujipunguza mwendo zikikaribia 95 au 100, kwa hiyo nafasi bado ipo. Kinachoharibika ni mpango wa kiwandani, ambao husoma nyuzi za prosesa bila kujali hali ya hewa ya nje. Katika chumba chenye joto, hata mashine isiyo na kazi hukaa pale feni inapoanza kupanda, nayo hupaa na kushuka kila mara. Anayesumbuliwa na hilo asikimbilie kununua kipozajoto kikubwa. Aondoe vumbi kwanza, kisha aingie BIOS, asogeze mwanzo wa mpando juu nyuzi kumi hivi, na aipe feni sekunde kadhaa za kusubiri kabla ya kuitikia.