Vielelezo vya Udongo na Mashimo Marefu ya Dar es Salaam

Mchimba kisima wa Temeke hahitaji kufundishwa kwamba mchanga na mfinyanzi ni vitu viwili. Mchanga mkavu humwagika mara sururu inapougusa. Mfinyanzi husimama wima siku nyingi, kisha huanguka ghafula. Lugha nayo imetenga mchanga, kichanga, tope na changarawe, na mgawanyo huo wakaribia ule walioufikia wahandisi kwa hesabu.

Asili ya hesabu hizo ni mbali. Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyejenga ngome kisiwani Martinique, alisoma mjini Paris mwaka 1773 maelezo yaliyogusa kuta zinazozuia udongo. Nguvu ya udongo, alisema, yatokana na mshikamano na msuguano. Kanuni hiyo, iliyopanuliwa na Otto Mohr, ingali yatumiwa sana kwa kuwa yataka tarakimu chache. Kasoro yake hudhihirika shimoni. Kuchimba ni kuuondolea udongo mzigo, na udongo uliopunguziwa mzigo huwa mgumu kuliko unapobebeshwa mara ya kwanza. Kanuni yenye ugumu mmoja huonyesha sakafu ya shimo ikivimba kupita kiasi. Kielelezo cha Schanz, Vermeer na Bonnier cha mwaka 1999 hutenga hali hizo mbili. Roscoe, Schofield na Wroth wa Cambridge walikuwa wamekwisha kufungua njia nyingine mwaka 1958, njia iwafaayo zaidi wenye kushughulika na mfinyanzi laini.

Kwamba uchaguzi huu si mchezo wa wasomi kulionekana Singapore tarehe 20 Aprili 2004, shimo la reli ya chini kwa chini, lenye kina cha mita 30 hivi, lilipoporomoka kando ya Nicoll Highway na kuua watu 4. Uchunguzi ulitaja makosa kadhaa, yakiwamo maungo dhaifu ya nguzo za kuegemeza ukuta. Mojawapo lilikuwa la hesabu: mfinyanzi wa baharini, ambao maji yake hayapati nafasi ya kutoka, ulikadiriwa kwa namna iliyoupa nguvu usiyokuwa nayo. Tarakimu zenyewe zaweza kuwa sahihi. Zilitiwa katika kielelezo kisichojua jinsi maji yanavyoudhoofisha udongo unapobanwa. Ukuta ukaonekana karatasini kuwa utapinda kidogo, na nguzo zikapimwa kwa kadiri hiyo.

Dar es Salaam si Singapore. Kunduchi na Wazo, upande wa Kinondoni, pana mawe ya matumbawe. Pugu pana udongo mweupe wa kaolini. Bonde la Msimbazi lina tope na mchanga vilivyoletwa na mto. Na sehemu kubwa ya viunga imekaa juu ya mchanga, penginepo uliochanganyika na mfinyanzi. Kielelezo cha Cambridge kilichukuliwa kizimakizima hakifai mchanga huo. Kile cha 1999 chafaa zaidi, ila chadai vipimo vya maabara, na mchanga ni vigumu kuutoa chini bila kuuvuruga. Kwa hiyo mhandisi hutegemea idadi ya mapigo ya nyundo yanayozamisha chombo cha kupimia, akakisia ugumu kutokana nayo. Makisio hayo yakitiwa katika kielelezo chenye tarakimu kumi, hayageuki kuwa kipimo; Coulomb mwenye tarakimu chache zilizopimwa ni mshauri bora, mradi jirani asiambiwe kwamba ukuta wa nyumba yake hautasogea.