Mtakatifu Augustino Alifikaje Nyegezi?

Ndugu Mhariri amenisumbua tangu mkutano wetu uliopita hapa Mlowo, akitaka niyaandike yale niliyoyasema jioni ile, wakati wali ulipokuwa umekwisha na watu wamebaki na soda zao. Waliokuwapo watakumbuka jinsi maneno yalivyoanza. Nilikuwa nimetangaza kwamba mjukuu wangu amepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza. Nilitazamia makofi. Badala yake mzee mwenzetu mmoja, Mmoravian kama mimi na mzee wa kanisa, akasimama akauliza: "Huyo mtoto akirudi atakuwa wa nani?"

Watu walicheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Nyumbani kwangu lilikwisha kuulizwa kwa machozi. Bibi yake ameimba kwaya ya Moravian tangu usichana wake, na wazazi wake walifundishwa kusoma na watu waliofundishwa na wamisionari waliofika Mbozi mwaka 1899 kutoka upande wa Rungwe. Kwake yeye chuo chenye jina la mtakatifu, chenye kanisa katikati na padre mlangoni, ni mahali pa kumpoteza mtoto. Akaniambia, "Baba Tumaini, wewe ulikwenda huko ukarudi, lakini wewe ulikuwa mtu mzima."

Ni kweli nilikwenda. Mwaka 1972, nikiwa karani kijana katika chama cha ushirika, nilipelekwa Nyegezi kusomea uhasibu. Wakati huo hakikuwa chuo kikuu, kilikuwa chuo cha mafunzo ya jamii tu. Safari yenyewe ilikuwa elimu. Tulipanda basi Mbeya, tukapita Chunya na Rungwa hadi Itigi, vumbi likitubadilisha rangi wote tukawa kabila moja, kisha tukangoja gari moshi la Tabora na Mwanza. Kule nilikuta mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na mtu mwenye nguvu asiye na haraka, na chini yake ziwa.

Niseme na hili, maana bila hili hamtaelewa hofu niliyokwenda nayo. Kabla sijaingia shuleni kwetu, nilisoma shule ya kati katika misheni moja ambayo sitaitaja. Jumapili moja sikwenda Misa, kwa kuwa baba alinikataza. Jumatatu nilichapwa viboko sita mbele ya wenzangu. Nilipomweleza baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Soma." Basi nilipoambiwa kwamba Nyegezi ni ya Mapadre, viboko vile sita vilipanda gari pamoja nami.

Asubuhi ya kwanza kengele ililia alfajiri, nikaamka nikavaa, nikangoja kuitwa. Hakuna aliyekuja. Wenzangu wa chumbani, mmoja Msukuma Mkatoliki na mmoja Mwislamu wa Ujiji, mmoja alikwenda kanisani na mwingine alikuwa amekwisha kuswali na kulala tena. Mimi nikabaki nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nadhani ndiyo siku nilipoanza kutaka kujua hawa watu ni akina nani hasa.

Hebu tuanze na jina. Wengi wetu tulidhani Mapadre Weupe waliitwa hivyo kwa ajili ya ngozi zao. Sivyo. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 katika mji wa Algiers na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, Mfaransa, ambaye baadaye alikuwa Kardinali. Alikuta nchi imepigwa na njaa na kipindupindu, yatima wamejaa. Akataka watu wake waishi kama wenyeji, wale wanachokula wenyeji, waseme lugha yao na wavae mavazi yao. Mavazi ya wenyeji wa kule yalikuwa kanzu nyeupe na joho jeupe. Shingoni wakavaa rozari, kama vile Waislamu wa nchi ile walivyozoea kubeba tasbihi. Kwa hiyo lile vazi tulilolidhani ni la Ulaya ni vazi la Afrika, la Waarabu na Waberberi wa Algeria. Nilipolijua jambo hili nilimwandikia baba, akajibu kwa kadi ya posta kwamba hata hivyo viboko havikuwa vya Algeria.

Algeria hiyo hiyo ndiyo nchi ya Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, mama yake Monika Mkristo, baba yake si Mkristo. Wataalamu wengi husema jina la Monika ni la Kiberberi. Augustino hakukimbilia ubatizo. Alisoma Karthago, akaishi na mwanamke, akapata mtoto, akafuata dhehebu la Wamani miaka mingi, akafundisha ufasaha wa kusema Karthago, Roma na Milan. Alibatizwa mwaka 387, akiwa na miaka 32, na Askofu Ambrose wa Milan. Baadaye alirudi kwao Afrika, akawa askofu wa Hippo, akafa huko tarehe 28 Agosti 430 wakati Wavandali wameuzingira mji.

Kuna habari moja katika maisha yake ambayo nawaomba wahasibu wenzangu waisome vizuri. Aliondoka Karthago kwa sababu wanafunzi wa kule walikuwa wakorofi, wakivamia madarasa ya walimu wasio wao. Alipofika Roma alikuta wanafunzi watulivu, ila walikuwa na desturi nyingine. Siku ya kulipa ada ikikaribia, kundi zima lilihamia kwa mwalimu mwingine. Kwa hiyo mtakatifu anayeheshimiwa chuoni Mwanza alikuwa mwalimu aliyepata kudhulumiwa ada. Sidhani kama ofisi ya mapato ya chuo chochote ingeweza kuchagua msimamizi bora zaidi.

Sasa, alitokaje Hippo akafika Nyegezi? Jibu ni kwamba aliletwa kwa miguu. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo mwaka 1878. Baada ya Tabora wengine walishika njia ya Ziwa Tanganyika, wakafika Ujiji Januari 1879, na wengine wakaenda Ziwa Nyanza na kuvuka hadi Uganda. Mambo yalipokuwa magumu kwa Mutesa, mwaka 1882 wale wa Uganda waliondoka wakarudi kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Hiyo Bukumbi haiko mbali na Nyegezi. Upande wa Tanganyika walikabidhiwa Karema mwaka 1885, na kutoka upande ule wa Karema na Ufipa ndiko Ukatoliki ulikoshuka kuja kwetu kusini, hadi Galula katika bonde la Songwe. Kwa hiyo Mkatoliki wa Mbozi na yule wa Mwanza walizaliwa na msafara mmoja.

Hapa lazima nisimame kwa Adrian Atiman, na Mhariri akikata sehemu hii tutagombana. Atiman alizaliwa upande wa Mto Niger, karibu na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara. Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha kaskazini mwa Afrika, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Akaja Karema mwaka 1889. Hakurudi tena kwao. Aliwatibu watu wa ukanda ule mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67 katika kituo kimoja. Hesabuni wenyewe serikali ngapi zilipita juu ya kichwa chake: kwanza nchi bila serikali ya kigeni kwa hakika, kisha Wajerumani, Wabelgiji wakati wa vita, halafu Waingereza. Mtu mweusi, msomi, mtumishi wa Kanisa hilo, katika pwani ya Tanganyika kabla ya Mwingereza yeyote kututawala. Mtu akiniambia kwamba urithi wa Kikatoliki katika nchi hii ni mali ya Wazungu, mimi humtajia Atiman.

Sitaki kuupamba urithi huo. Misheni zilikuwa na ubaguzi wao. Mtoto wa dhehebu jingine aliweza kukataliwa nafasi, au kupewa kwa sharti la kubatizwa upya. Katika vijiji vingi vyetu, Wakatoliki na Wamoravian hawakuoana bila ugomvi. Serikali ilipozichukua shule za madhehebu kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki wa Misa ya kila siku, alijua vizuri anachokivunja. Mimi nilishangilia. Hata sasa naona alifanya sawa, ingawa nimeona pia majengo mazuri yakiezuliwa na kutoezekwa tena.

Chuo cha Nyegezi kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1960 na Mapadre Weupe, wakati wa Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, Mholanzi. Tazameni tarehe hiyo. Uhuru ulikuwa bado, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki chenye wanafunzi wachache wa sheria. Blomjous aliona kwamba nchi inakaribia kujitawala bila mahasibu, bila waandishi wa habari, bila watu wa maendeleo ya jamii. Hakujenga seminari nyingine, alijenga mahali pa kufundishia kazi za watu wa kawaida. Mwaka 1970 ulipofika shule zikachukuliwa, Nyegezi ilibaki mikononi mwa Kanisa, ikiendelea kupokea watu kama mimi ambao hawakuwa wake. (Elimu ile haikunifaa muda mrefu kama nilivyotarajia, maana mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, nami nikarudi shambani kwa kahawa. Hiyo ni makala nyingine.)

Katikati ya miaka ya 1990 sheria iliporuhusu vyuo vikuu visivyo vya serikali, maaskofu hawakulazimika kuanza na msitu mtupu. Mwaka 1998 Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na kauli yake ikawa kujenga Mji wa Mungu. Maneno hayo yanatoka katika kitabu ambacho Augustino alikianza mwaka 413, miaka mitatu baada ya Wagothi kuuteka Roma, akakimaliza karibu mwaka 426 kikiwa na vitabu 22 ndani yake. Watu walikuwa wakilia kwamba dunia imekwisha kwa kuwa Roma imeanguka. Yeye akawaambia kwamba mji wa kutumainiwa si ule, na kwamba katika dunia hii miji miwili imechanganyika na hakuna awezaye kuitenga kwa macho. Mimi naona ni jina la busara kwa chuo ambacho Mkatoliki na mwenzake wa Ujiji hulala chumba kimoja.

Nilimweleza mama watoto jambo jingine, na hili ndilo lililomtuliza kidogo. Tarehe 15 Agosti 1990, majuma mawili tu kabla ya kuja kwake Tanzania, Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa katiba juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki. Inadai kwamba chuo kionekane kuwa ni cha Kikatoliki, na kwamba walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki. Lakini inasema pia kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Viboko vyangu sita, kwa maneno mengine, vimepigwa marufuku kwa maandishi.

Na yale majoho ya mahafali ambayo bibi huyu aliyaona katika picha akayaita mavazi ya mapadre, hakukosea sana. Wanafunzi wa Paris na Oxford wa zamani walihesabiwa kuwa watu wa Kanisa, wakavaa kanzu ndefu na kofia za mgongoni kwa ajili ya baridi. Yule tunayemwita Kanseli wa chuo alikuwa, kule Paris, ofisa wa kanisa kuu aliyetoa ruhusa ya kufundisha. Cheo na joho hilo vimeenea hadi Dar es Salaam, na hadi Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Wamoravian wenzetu pale Mbeya. Nao Waislamu wana haki ya kutukumbusha kwamba Al-Azhar ya Cairo ilianza kama msikiti mwaka 970, kabla Paris haijafikiriwa. Chuo kilichozaliwa pembeni ya nyumba ya ibada si kitu kigeni. Kigeni ni kile kingine.

Mzee mwenzetu aliyeuliza swali alinifuata nyumbani wiki iliyofuata. Tulikaa uani, kahawa ikianikwa, nikamsimulia haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini basi kijana asisome Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya, ambacho nacho kilizaliwa na hicho cha Mwanza, nauli ikawa ndogo. Nikakosa jibu la historia. Nilimwambia tu kwamba mtoto anataka kuliona ziwa.

Aliondoka Oktoba, kwa basi la alfajiri, hapa hapa barabarani Mlowo. Bibi yake alimtilia sandukuni kitabu cha nyimbo cha Moravian, akakifunga kwa kanga ili kisilowe. Mwezi uliofuata alipiga simu. Alisema kwamba chumbani wako wanne, kwamba Jumapili huenda kusali Moravian mjini, na kwamba siku ya Misa ya kufungua mwaka alikwenda pia, akaketi nyuma, kwa sababu wimbo ulimvutia. Bibi yake akanyang'anya simu akauliza ulikuwa wimbo gani. Akamwimbia beti mbili. Ulikuwa katika kitabu chetu pia, kwa maneno tofauti kidogo, na bibi alimsahihisha pale pale.