Almasi Nyongani

Mwaka 1958 daktari Mwingereza John Charnley alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia zenye kikombe cha Teflon, plastiki inayoteleza mno. Waliokuwa wakichechemea wakatembea. Baada ya miaka michache maumivu yakarudi: chuma kilikuwa kikiisaga Teflon, na unga wake ukiuchokoza mwili. Charnley hakuficha. Aliwafungua tena wagonjwa wake, akajidunga unga huo pajani aone mwili wake mwenyewe utajibu nini. Mwishoni mwa 1962 akahamia polithilini, na hiyo ikadumu.

Miaka 30 baadaye, Ujerumani, utelezi ulishawishi tena. Safari hii ilikuwa filamu ya kaboni, ngumu karibu kama almasi. Gesi yenye kaboni hupigwa umeme ndani ya chemba iliyonyonywa hewa mpaka iwe plazima, kisha kaboni hutanda juu ya chuma, tabaka jembamba kuliko unywele. Maabara iliisifu. Kati ya 1993 na 1995 wagonjwa 101 walipewa nyonga zenye vichwa vilivyopakwa filamu hiyo. Muda ulipopita ikabanduka, kichwa kikakwaruza kikombe cha plastiki, na wengi wakarudi chumba cha upasuaji.

Mficha uchi hazai. Mwaka 2003 matokeo hayo yalichapishwa bila kupambwa. Tangu hapo, anayeleta filamu mpya hana budi kujibu swali moja kabla ya kutaja ugumu wake: itaking'ang'ania chuma miaka mingapi ndani ya majimaji ya chumvi ya mtu anayetembea?