Kuogelea Mchana Kweupe: Historia ya Ufukwe wa Australia

Majira ya joto ya Australia huanza rasmi tarehe 1 Desemba na kwisha siku ya mwisho ya Februari. Wengine duniani hupanga majira kwa kufuata mwendo wa jua. Waaustralia hufuata kalenda ya ukutani, kana kwamba joto nalo lina tarehe ya kuripoti kazini. Mara nyingi huwa limesharipoti mapema. Oodnadatta, mji mdogo wa Australia Kusini, ulipima nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960, na rekodi hiyo ikafikiwa tena Onslow, Australia Magharibi, Januari 2022. Katika wimbi la joto la Januari 2013, idara ya hali ya hewa iliongeza rangi za zambarau na waridi kwenye ramani zake za utabiri, maana rangi zilizokuwapo ziliishia nyuzi 50. Krismasi huangukia katikati ya tanuri hilo. Familia hula kamba wa kuchemsha waliopozwa kwenye barafu, na Baba Krismasi hutokwa jasho ndani ya manyoya aliyoletewa kutoka Ulaya, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumshonea kanzu nyepesi.

Kimbilio ni bahari. Zaidi ya Waaustralia 8 kati ya 10 wanaishi umbali usiozidi kilomita 50 kutoka pwani, na picha ambayo nchi imeizoeza dunia ni ya kijana aliyeungua jua, peku, asiye na haraka wala bosi. Nyuma ya picha hiyo yako mafaili. Starehe ya ufukweni Australia ilitengenezwa na sheria ndogo za halmashauri, wakaguzi wenye futi mkononi, na wakaidi waliovunja sheria hizo kisha wakaenda kuunda kamati zao wenyewe.

Waaborijini wa pwani waliogelea, wakazamia chaza na kuvua samaki katika maji hayo kwa maelfu ya miaka bila kuomba kibali. Walowezi wa Kiingereza waliofika mwaka 1788 wengi wao hawakujua kuogelea, na waliojua walifanya hivyo uchi. Jambo hilo la pili ndilo lililowakosesha watawala usingizi. Mwaka 1838 koloni la New South Wales lilipiga marufuku kuoga kwenye maji yanayoonekana na umma kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa tafsiri ya kawaida, bahari ilifungwa jua lilipochomoza na kufunguliwa lilipozama. Mwenye kutaka kuoga alikwenda alfajiri, au alilipia kuingia kwenye mabwawa yaliyozungushiwa uzio, wanaume upande wao na wanawake wao.

Sheria hiyo iliishi zaidi ya miaka 60. Kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imechakaa, na polisi wengi waliangalia pembeni. Aliyeipiga teke la hadharani ni William Gocher, mhariri wa gazeti dogo la Manly, kitongoji cha Sydney kilicho kando ya bahari. Oktoba 1902 alitangaza gazetini kwamba angeogelea saa sita mchana, akafanya hivyo, na hakuna aliyemkamata. Akarudia. Safari hiyo pia polisi hawakutokea, naye akawakejeli gazetini kwa uzembe wao. Hatimaye walimpeleka kituoni, lakini hakushtakiwa. Novemba 1903 halmashauri ya Manly ilikubali watu waoge mchana kutwa, kwa sharti la kuvaa vazi linalofunika mwili kutoka shingoni hadi magotini.

Wakati huohuo mawimbi yenyewe yalikuwa yanapata walimu, na walimu hao hawakuwa Waingereza. Hapo Manly, kijana kutoka kisiwa cha Tanna, katika nchi ambayo leo ni Vanuatu, aliyejulikana kwa jina la Tommy Tanna, aliwaonyesha wenyeji namna ya kulaza mwili juu ya wimbi na kubebwa nalo hadi mchangani. Upande wa Bronte, ufukwe mwingine wa Sydney, Alick Wickham kutoka Visiwa vya Solomon aliogelea kwa mtindo wa kwao wa kupigapiga miguu juu na chini, mtindo uliochangia kuzaa mwogeleo unaojulikana duniani kama krolo ya Kiaustralia. Mwaka 1901 bunge jipya la shirikisho lilikuwa limepitisha sheria ya kuwafukuza vibarua wa visiwa vya Pasifiki, sehemu ya sera ya kuifanya Australia nchi ya weupe. Taifa lilijifunza kuogelea kutoka kwa watu wa visiwa vilevile ambavyo lilikuwa linavifungia mlango.

Ruhusa ya kuoga mchana ilileta umati, na umati ukaleta vifo. Fukwe za Sydney zina mikondo inayomvuta mtu kuelekea bahari kuu kwa kasi ambayo hata mwogeleaji hodari haiwezi, na wengi waliojitosa hawakuwa hodari. Watu wa kujitolea wakaanza kujipanga. Bondi na Bronte hadi leo hubishana ni klabu gani ya uokoaji iliyotangulia, na ubishi huo hauna dalili ya kwisha. Desemba 1906 klabu ya Bondi ilionyesha kifaa kipya: gurudumu lililoviringishiwa kamba ndefu, ambayo mwokoaji alifungwa ncha yake, akaogelea hadi kwa anayezama, kisha wenzake wakawavuta wote wawili nchi kavu. Siku chache baadaye, tarehe 2 Januari 1907, waokoaji wa Bondi walimtoa majini mvulana wa miaka 9, Charles Kingsford Smith. Alikua akawa rubani mashuhuri kuliko wote wa Australia, na uwanja wa ndege wa Sydney una jina lake.

Oktoba 1907 ilikuwa na mambo. Katika mwezi huo vilabu viliungana na kuunda chama cha waogeleaji wa mawimbi cha New South Wales, mzazi wa chama cha kitaifa cha uokoaji cha leo. Mwezi huohuo baadhi ya mameya wa Sydney walipendekeza kwamba wanaume nao, kwa ajili ya heshima, wavae kitu kama sketi juu ya vazi la kuogelea. Jibu lilikuja Jumapili tarehe 20. Wanaume kwa maelfu waliandamana kwenye fukwe za Bondi, Manly na Coogee wakiwa wamevaa magagulo ya dada zao, sketi za mama zao, vitambaa vya meza na mapazia. Sydney ilicheka hadi pendekezo likafa. Ni maandamano machache yaliyowahi kushinda haraka namna hiyo, na huenda hakuna mengine yaliyoshinda kwa gagulo.

Wanawake walikuwa na vita vyao. Mwaka 1912 Fanny Durack wa Sydney alikuwa na kasi ya kwenda Olimpiki ya Stockholm, ya kwanza kuwa na mashindano ya kuogelea ya wanawake, lakini chama cha waogeleaji wanawake cha New South Wales kilikataza wanachama wake kushindana mbele ya wanaume. Mtetezi mkubwa wa katazo hilo alikuwa Rose Scott, mwanamke yuleyule aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Umma ulipiga kelele, katazo likalegezwa, Durack akasafiri na kurudi na dhahabu ya mita 100. Miaka 20 baadaye, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, mwogeleaji Clare Dennis alinusurika kuondolewa mashindanoni kwa sababu vazi lake lilionyesha sehemu kubwa mno ya mabega. Alishinda mita 200. Vazi lenyewe lilikuwa la Speedo, jina lililobuniwa mwaka 1928 na kiwanda cha Sydney kilichoanzishwa na mhamiaji wa Kiskoti, Alexander MacRae.

Tarehe 24 Desemba 1914 Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki kutoka Hawaii, alionyesha kwenye ufukwe wa Freshwater namna ya kusimama juu ya ubao na kupanda mawimbi. Ubao aliuchonga mwenyewe kutokana na mti wa msonobari, na bado umehifadhiwa kwenye klabu ya hapo. Kwenye onyesho la baadaye alimpandisha binti wa miaka 15, Isabel Letham, ambaye jina lake halijatoka midomoni mwa wapanda mawimbi wa Australia.

Siku iliyowapa waokoaji hadhi ya mashujaa wa taifa ilikuwa ya msiba. Tarehe 6 Februari 1938, Jumapili ya joto kali, mawimbi makubwa yaliyofuatana yalipiga Bondi na maji yaliyorudi yakawazoa watu wapatao 250 waliokuwa wamesimama kwenye fungu la mchanga. Kwa bahati, waokoaji wengi walikuwa hapo wakijiandaa kwa mashindano yao. Watu watano walikufa. Wengine wote walitolewa, baadhi yao wakiwa wamezimia. Nafasi katika vilabu hivyo ilibaki ya wanaume. Wanawake walikubaliwa rasmi kuwa waokoaji kamili mwaka 1980, baada ya miongo mingi ya kuchemsha chai na kuchangisha fedha.

Halmashauri hazikuwa zimelala. Kanuni ya mwaka 1935 iliamuru kwamba mguu wa vazi la kuogelea uwe na urefu usiopungua inchi 3, na wakaguzi wa ufukweni walitembea wakipima. Bikini zilipoingia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi ya mkaguzi wa Bondi iligeuka kuwa ya kufukuza wasichana mchangani, mara nyingi mbele ya wapiga picha waliokuwa wameitwa kwa makusudi. Mwaka 1961 vipimo vilifutwa. Lakini heshima ya mavazi haikuwa kizuizi pekee. Februari 1965 mwanafunzi Mwaborijini Charles Perkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walifika kwa basi mjini Moree, ambako bwawa la kuogelea la umma lilikuwa limefungiwa Waaborijini. Waliandamana na watoto weusi hadi langoni, wakarushiwa mayai na nyanya, na safari yao ikabadilisha siasa za nchi.

Kama kuna tukio moja linaloonyesha Waaustralia wanavyocheka wakiwa makaburini, ni lile la Harold Holt. Waziri mkuu huyo alipenda kupiga mbizi, na tarehe 17 Desemba 1967 aliingia kwenye maji yaliyochafuka ya Cheviot Beach, jimbo la Victoria, asionekane tena. Mwili haukupatikana. Melbourne ikamkumbuka kwa kulipa jina lake jengo la umma, nalo ni bwawa la kuogelea. Bwawa lilikuwa tayari linajengwa katika eneo lake la uchaguzi, na waliompa jina walikuwa na nia njema; hata hivyo wageni huuliza mara mbili kama wamesikia sawasawa.

Kaskazini, Queensland, hatari huja bila wimbi. Yavuyavu wenye sumu ya kuua hujaa karibu na pwani kati ya Novemba na Mei, kwa hiyo fukwe zina nyavu, mabango, na chupa za siki zilizowekwa kwenye nguzo kwa ajili ya huduma ya kwanza. Kabla ya mavazi maalumu kupatikana, waokoaji wa huko, wanaume wenye vifua kama milango, walivaa soksi ndefu za nailoni za wanawake kuanzia kiunoni hadi vidoleni, maana nailoni ilizuia miiba ya yavuyavu. Hakuna aliyeandamana safari hii.

Adui mkubwa zaidi alikuwa juu kichwani. Mwaka 1981 taasisi ya saratani ya Victoria ilimtuma televisheni shakwe wa katuni aitwaye Sid, akiimba kwamba watu wavae shati, wapake mafuta ya kukinga jua na kuweka kofia. Wimbo huo ulishika kuliko hotuba yoyote ya waziri wa afya. Shule nyingi zina kanuni kwamba mtoto asiye na kofia hachezi nje, na watoto wengi ufukweni leo huvaa nguo za kuogelea zinazofika mikononi na magotini, ambazo madiwani wa Manly wa mwaka 1903 wangezipigia makofi.

Katika kufunga Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, waokoaji walimwingiza uwanjani Kylie Minogue akiwa juu ya kandambili kubwa mno. Miaka minne baadaye Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon anayeishi Sydney, alibuni burkini, vazi la kuogelea linaloacha wazi uso, mikono na nyayo tu. Mwaka 2007 Mecca Laalaa, kijana Mwislamu, alihitimu uokoaji akiwa na burkini ya rangi nyekundu na njano za chama cha uokoaji. Wateja wa Zanetti hawakuwa Waislamu peke yao. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kuugua saratani ya ngozi, waliotaka kurudi baharini mchana.