Kazi ya mchana na kazi ya moyo: namna wazee wetu walitangaza kazi zao



Kuna neno moja lenye ninasikia sana kati yetu, kwa wenye walishamaliza na kwa wenye wangali kwenye viti vya universite: "Niko na kitabu kimeisha, lakini sina muda wa kukitangaza." Mwengine iko na nyimbo sita ndani ya simu. Mwengine anachora vizuri sana. Lakini asubuhi anaenda kufundisha, mchana anakimbilia pesa ya nyumba, magharibi umeme hakuna na mega zimeisha. Kazi yake mpya inalala. Halafu watu wanamaliza mazungumuzo na maneno haya: "Wazee wa zamani walikuwa na bahati. Wao walikuwa wasanii tu, hawakukuwaka na mambo mingi kama siye."

Bon, tuangalie historia inasema nini.

Tuanzie kwenye mto. Wendo Kolosoy, ule wengi wanamuita baba wa rumba ya Kongo, hakuanza maisha ndani ya studio. Alikuwa fundi wa mashini kwenye meli za mto Kongo. Meli ya ile wakati ilikuwa inatumia siku mingi njiani, na yeye alikuwa na gitare yake pembeni, anaimbia wasafiri. Fikirini kidogo: kila mtu mwenye alishuka kwenye bandari alishuka na sauti ya Wendo ndani ya masikio. Kazi ya meli ilimuchokesha, ni kweli, lakini ile ile kazi njo ilimupeleka mahali gitare peke yake haingefika. Wakati alirekodi "Marie-Louise" pamoja na Henri Bowane mwaka 1948, kwa nyumba ya kurekodi ya Ngoma kule Léopoldville, hakuwa mtu mugeni kwa watu wa mto.

Sasa tushuke kwetu Katanga. Mwenda Jean Bosco, jina lake la ukoo Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, ule mji wa mfalme M'siri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Muingereza mwenye alikuwa anaishi Afrika Kusini, alipita Katanga na mashini yake ya kurekodi, anatafuta muziki wa Waafrika. Akamukuta Bosco kwenye njia za Jadotville, mji wenye leo tunauita Likasi, anapiga gitare na vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha kwanza. Lakini ukisikiliza unafikiri ni watu wawili wanapiga. Wakarekodi "Masanga". Sahani ikatoka kwa Gallotone, kampuni ya Afrika Kusini, na ikaenda mbali: Rhodesia, Kenya, Tanganyika, Uganda. Ule mwaka wimbo ulipata zawadi ya Osborn, yenye ilikuwa inatolewa kwa muziki bora wa Afrika. Mwaka 1961 na 1962 mchunguzi mmoja wa muziki wa Afrika, David Rycroft, aliandika uchunguzi mrefu juu ya namna Bosco anatembeza vidole, nota kwa nota. Na Bosco alikuwa anaimba Kiswahili chetu, cha huku Katanga.

Watu wanapoelezaka hii habari, wanasimama pale: mzungu alipita, akasikia, kijana akajulikana. Lakini kuna vitu viwili wanasahau.

Cha kwanza: Tracey hakumukuta Bosco amelala nyumbani, gitare imetundikwa kwenye ukuta. Alimukuta njiani, mbele ya watu. Kama Bosco angengojea apate muda mzuri, kwenye chumba kizuri, ile mashini ingepita tu na kwenda zake.

Cha pili: sahani haikumutoa kwenye kazi ya kila siku. Bosco alifanya kazi ndani ya benki, alifanya kazi Gécamines, akaongoza vikundi vya muziki Lubumbashi, na kwa miaka mingi akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Ni mtu mwenye alikuwa na mambo mingi kupita mimi na wewe. Na kati ya hayo mambo, gitare haikunyamaza.

Angalieni pia namna alitangaza kazi yake. Karibu na mwaka 1959 alienda Nairobi. Kule dawa ya kichwa, Aspro, ilimulipa ili muziki wake utangaze ile dawa, na sauti yake ikapita kwenye redio. Leo kijana akiimba kwa ajili ya kampuni ya simu ao ya bia, tunamucheka: "Amejiuza." Lakini kupitia dawa ya kichwa, gitare ya Katanga iliingia ndani ya nyumba za watu wenye hawakujua hata Likasi iko wapi. Wapiga gitare wa Kenya wakaanza kufuata vidole vyake, na wenye wanasoma historia ya muziki wa Kenya wanakutana na jina lake mapema sana. Dawa ilipata faida yake, ni sawa. Na yeye alipata njia.

Mwaka 1969 akapiga gitare kwenye tamasha la Newport, kule Marekani. Miaka kumi nyuma, mwaka 1979, kijana mpiga gitare wa Uingereza, John Low, akasafiri mpaka Lubumbashi kusudi ajifunze kwake, na akaandika kitabu, Shaba Diary, chenye kilitoka mwaka 1982. Bosco alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari kule Zambia.

Mtu wa tatu hakuwa na sahani wala redio. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mwaka 1947, alikuwa mchoraji hapa Lubumbashi. Alikuwa na bibi na watoto, na alikuwa anaishi kwa brashi yake. Wachoraji wa ile wakati walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na wanunuzi wao hawakuwa watu wa musée. Walikuwa wafanyakazi, wenye walitaka picha moja ya kutundika ndani ya salo. Picha zenye zilikuwa zinauzika sana zilijulikana: Mamba Muntu, ule mwanamke wa maji, na "Colonie belge", kwenye mfungwa anapigwa fimbo mbele ya muzungu wa serikali. Tshibumba alichora "Colonie belge" mara mingi, juu ya watu waliiomba na juu ya watoto walipaswa kula.

Lakini ndani yake kulikuwa kazi ingine. Alitaka kuchora historia yote ya inchi, tangu wazee wa zamani, kupitia wakoloni, Lumumba na vita ya Katanga, mpaka Zaïre ya Mobutu. Alijiita mwana-historia, si mchoraji tu. Nani atanunua picha mia za historia, na kuzitundika kwenye salo gani?

Njo hapa namna yake ya kutangaza inatufundisha. Tshibumba hakuweka picha kwenye duka na kungojea. Alizibeba mwenyewe, mlango kwa mlango. Mwisho wa mwaka 1973 alifika kwenye mlango wa Johannes Fabian, mwalimu wa antropolojia kwenye universite ya Lubumbashi. Alifika na picha chache za kuuza, sawa kila siku. Mazungumuzo yakaanza, Fabian akamuuliza juu ya mambo yenye anawaza kufanya, na ile ndoto ya historia ikatoka mdomoni. Kati ya pale na mwisho wa 1974 alichora picha karibu 100, na kwa kila picha alieleza maana yake kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwenye mashini ya kurekodi. Mwaka 1996 zile picha na yale maneno zilitoka ndani ya kitabu, Remembering the Present. Leo watu wanasoma historia ya Kongo huko mbali kupitia mtu mwenye alikuwa anauza picha kwa miguu.

Ninajua kuna mwenye atasema: "Bosco alikuwa na Tracey, Tshibumba alikuwa na Fabian. Siye tuko na nani?" Ni swali la haki. Ile wakati mashini ya kurekodi ilikuwa mikononi mwa watu wachache, na njia ya kutoka ilipita kwao. Sitaki kuficha ile. Lakini tuangalie mambo vile yalipita: wote wawili walikutwa katikati ya mwendo wao wa kila siku, mmoja njiani na gitare, mwengine mlangoni na picha mkononi. Hakuna mwenye aliacha kwanza kazi ya mchana ili atangaze kazi ya moyo. Walipitisha ile ya moyo ndani ya ile ya mchana. Wendo alitumia meli. Tshibumba aliuza "Colonie belge" ili apate kitambaa na rangi, na picha ya kuuza njo ilimufungulia mlango wa picha ya historia.

Kwenye agronomia tunajifunza jambo moja lenye kila mkulima wa kwetu anajua hata bila diploma: mavuno hayaishii shambani. Unaweza kulima vizuri, mbegu nzuri, mvua nzuri, tani mingi ya mahindi. Kama barabara ya kutoa mazao imekufa, mahindi yanaoza na panya wanakula. Barabara ni sehemu ya kilimo. Hivi hivi, kupeleka wimbo ao kitabu kwa watu si kazi ingine yenye inakuja nyuma kama muda unabaki. Ni sehemu ya ile ile kazi. Mwenye anatumia miaka mbili kuandika kitabu na hapangi hata saa moja kwa juma ya kukisoma mbele ya watu, amelima bila barabara. Saa moja inapatikana. Mwalimu iko na wanafunzi mbele yake, mfanyakazi wa ONG anasafiri kwenye vijiji, muuzaji iko na watu wanapita. Kila kazi iko na meli yake.

Lakini barabara inapitisha pia wezi, na historia haifichi ile. Wimbo wa "Masanga" ulitembea Afrika nzima, na mwenye wimbo aliendelea kutafuta mkate benki na kwenye kampuni ya migodi. Picha mingi za Tshibumba ziko leo Amsterdam, ndani ya musée. Mtoto wa Lubumbashi mwenye anataka kuziona anapaswa kuomba viza, ao aangalie kitabu cha bei kali. Na Tshibumba mwenyewe? Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna mwenye alisikia habari yake tena. Mtu mwenye alichora historia ya inchi nzima, na inchi haikuandika mwisho wake.

Kwa hiyo, kutangaza peke yake hakutoshi. Mwenye anatoa kazi leo aandike jina lake na mwaka juu ya kila kipande. Abakie na kopi yake nyumbani. Kama kampuni ao mtu anataka kuichukua, wapatane kwa karatasi, si kwa mdomo, hata kama ni rafiki. Na siye wengine, wenye hatuimbi wala hatuchori, tuko na kazi pia. Rafiki akitoa kitabu, tusiombe cha bure, tukinunue. Akisoma mbele ya watu, twende kukaa pale hata nusu saa. Wanunuzi wa kwanza wa Tshibumba walikuwa wafanyakazi wa mshahara mdogo, wenye walitoa pesa kwa picha moja ya salo. Bila wao asingefika mlango wa Fabian, juu ya rangi ingekuwa imeisha zamani.

Ninamaliza na ombi moja. Wengi kati yetu tuko na baba, mama, babu ao tate mwenye aliishi miaka ya 1960 na 1970 Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi. Mukienda kuwaamukia mwisho wa juma, angalieni kwenye kuta na chini ya vitanda. Kama kuna picha ya zamani juu ya gunia la unga, ao sahani ya gitare, waulizeni waliipata kwa nani na mwaka gani, na muandike yale maneno nyuma yake na kalamu. Wazee wangali na ile habari kichwani. Muwaulize sasa, wakati wangali na siye.