Kungoja Chini ya Mlima Hanang

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Naitaja kalenda ya Kanisa kwa sababu wengi waliosimulia habari za siku ile hawakuigusa. Waumini wa Katesh walikuwa waanze asubuhi hiyo majuma ya kumngoja Bwana. Asubuhi na mapema, kabla kengele hazijawaita watu ibadani, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Wataalamu walieleza baadaye kwamba miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vikafuata mkondo wa mto Jorodom, vikapita Gendabi na vitongoji vilivyo chini ya mlima, vikaingia mjini Katesh na kuifunga barabara. Kwa hesabu ya Serikali, waliokufa walifikia 89.

Ndugu msomaji, ili uelewe uchungu wa jambo hili hapana budi turudi nyuma kidogo. Mwaka 2021 na 2022 ukame ulikuwa umeikamata kaskazini ya Tanzania. Mifugo ilikufa kwa maelfu mengi, na ng'ombe aliyebaki aliuzwa kwa bei ya aibu. Makanisani na misikitini watu waliomba mvua. Mimi pia niliomba. Basi mvua tuliyoiomba ilikuja, ikaja kwa wingi katika mwaka wa El Niño, na ndiyo iliyoulewesha mlima. Mtu aliyengoja na kunyimwa ana lake la kusema mbele za Mungu. Lakini aliyengoja, akapewa, na alichopewa kikamfukia mtoto, huyo atasema nini?

Tena si mlima wowote uliomeguka. Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, nao unasimama peke yake juu ya tambarare, hata msafiri wa kutoka Singida huuona mapema. Kwa Wabarabaig ni mlima wa heshima na wa sala. Wao humwita Mungu Aseeta, na wanawake wao wana desturi ya kukusanyika na kumwimbia nyakati za shida, hasa mvua inapogoma. Jirani zao Wairaqw, ambao ndio watu wa kwetu Mbulu, walimjua Mungu kwa jina la Lo'a, wakamtaja kama mama. Wazee wetu wana sala ndefu iitwayo slufay: mzee mmoja huongoza, anaomba mvua, uzazi na amani, na waliomzunguka humwitikia. Hakuna anayeisali peke yake chumbani. Nadhani hilo ni jambo kubwa, nami nimechelewa kulitambua, kwa kuwa nilifundishwa tangu utoto kwamba sala nzuri ni ile ya mlango uliofungwa.

Siku zile za msiba nilisikia mara nyingi mno methali isemayo subira yavuta heri. Siipingi. Lakini mdomoni mwa mtu mwenye nyumba na mwenye watoto wote watano mezani, methali hiyo ina ladha nyingine kabisa. Walikuwapo pia waliosema kwamba ni adhabu ya dhambi, kana kwamba wao walikuwa wameketi barazani Mungu alipokuwa akiamua. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini wakiwa kimya. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Na kitabu kile kinapofika mwisho, anayeambiwa kuwa amenena yaliyo sawa ni Ayubu mlalamikaji, wala si wale waliomtetea Mungu.

Kulalamika huku ukingoja si jambo geni Hanang. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianza kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu. Yakawa mashamba saba chini ya shirika la NAFCO: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Taifa lilihitaji mkate, hilo nalikubali. Ila makumi ya maelfu ya ekari hizo yalikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, yale ya kilima cha udongo waitayo bung'eda, ambayo ukoo huyarudia kwa sala. Trekta zilipita juu ya baadhi yake. Watu wale hawakukaa wakakunja mikono. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Hebu fikiri: mchungaji wa ng'ombe anajifunza maneno ya mawakili, anashinda, kisha anaambiwa hukushinda. Waliendelea kudai hata hivyo, na waliendelea kumwimbia Aseeta. Miaka ya 2000 shirika lilipoacha kilimo hicho, baadhi ya ardhi iligawiwa wanavijiji na nyingine ikaenda kwa wawekezaji. Wengi wa waliodai mwanzoni walikuwa wamekwisha kulala katika udongo huo huo.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu majina mawili kati ya yale saba yalirudi masikioni mwetu baada ya maporomoko. Waliopoteza makazi walihifadhiwa kwanza katika shule, kisha wakangoja. Walingoja viwanja, wakangoja mabati, wakangoja orodha isomwe upya. Nyumba 109 zilijengwa kwa ajili yao katika kitongoji cha Waret, kijiji cha Gidagamowd, na Waziri Mkuu akazikabidhi mwezi Desemba 2024. Ilikuwa Majilio tena.

Sisemi kwamba nyumba hizo ni jibu la Mungu kwa wale 89. Mama aliyepoteza wanawe hawezi kupewa ufunguo wa mlango akaambiwa hesabu imefungwa. Ninachokiri ni kidogo zaidi: kwamba katika mwaka ule wote sikusikia habari ya kanisa lililofungwa chini ya mlima kwa kukosa watu. Walikuja na hasira zao. Walisali wakiwa katika kambi, na baada ya sala walikwenda kuuliza habari za viwanja.

Majilio hayo ya 2024, huku kwetu Mbulu, mahindi yalikuwa yanataka maji. Ilipofika zamu ya maombi ya waumini, msomaji akatualika kuomba mvua, kama tulivyozoea. Tuliitikia sote. Lakini kabla ya kuitikia palikuwa na kimya kifupi, cha pumzi moja hivi, ambacho katika miaka yote niliyosali pale sikuwahi kukisikia.